Maswali na Majibu: Riwaya ya Upelelezi na Msimulizi Asiyeaminika

Matini teule: The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie, 1926. Matini ya kulinganishia: Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, 1960.

Maelekezo. Funika jibu, soma swali, jibu kwa maandishi, kisha linganisha. Saa zote zilizotajwa ni za usiku, kwa hesabu ya Kiswahili. Mtahini hatoi alama kwa kusimulia hadithi. Anatoa alama kwa istilahi, kwa mfano, na kwa maelezo ya jinsi mfano unavyoithibitisha istilahi. Vitatu hivyo viende pamoja katika kila hoja. Notisi hizi zinamtaja muuaji, kwa sababu karibu kila swali kubwa linamhusu. Ambaye hajaisoma riwaya aisome kwanza. Raha ya kudanganywa na kitabu hiki hupatikana mara moja tu, na anayeikosa hatauelewa vizuri mjadala wa Swali la 11.

SEHEMU A: ISTILAHI

1. Nini maana ya riwaya ya upelelezi? (alama 2)

Riwaya ya upelelezi ni riwaya ambayo msuko wake umejengwa juu ya kosa la jinai, hasa mauaji, na juu ya hatua za mpelelezi za kumfichua mkosaji kwa kutumia vidokezo. Alama ya kwanza ni ya kosa, ya pili ni ya hatua za kumfichua mkosaji. Mtahiniwa anayeandika "riwaya inayohusu mauaji" anapata alama 1. Riwaya ya Dostoyevsky kuhusu mwanafunzi Raskolnikov inahusu mauaji, lakini msomaji anamjua muuaji tangu mwanzo. Hakuna fumbo la kufumbua, kwa hiyo si riwaya ya upelelezi.

2. Tofautisha riwaya ya upelelezi na riwaya ya ujasusi. (alama 4)

Riwaya ya upelelezi huuliza: nani ametenda kosa lililokwisha kutendeka? Riwaya ya ujasusi huuliza: je, hatari inayokuja itazuiwa? Mpelelezi hutazama nyuma, jasusi hukimbizana na wakati ulio mbele. Silaha ya mpelelezi ni akili. Jasusi hutegemea pia nguvu, bastola na dola iliyomtuma. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mpelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi. Usiwachanganye wawili hawa. Kosa hili hurudi kila msimu wa mtihani, na hugharimu alama zote 4.

3. Eleza maana ya istilahi zifuatazo: (a) kidokezo, (b) kidokezo cha kupotosha, (c) taharuki, (d) utetezi wa kutokuwepo. (alama 8)

(a) Kidokezo ni kitu, neno au tendo lililowekwa mbele ya msomaji ambalo, likifasiriwa sawasawa, huelekeza kwa mkosaji.

(b) Kidokezo cha kupotosha ni kitu, neno au tendo la kweli ambalo huelekeza kwa mtu asiye mkosaji. Zingatia maneno "la kweli". Kidokezo cha kupotosha si uongo wa mwandishi. Katika matini teule, unyoya wa bata bukini unaookotwa kwenye kibanda cha bustani ni wa kweli, na kweli uliachwa na mtu aliyefika pale usiku ule. Ila mtu huyo hakuua.

(c) Taharuki ni hali ya msomaji kubaki na hamu na wasiwasi wa kujua kitakachofuata.

(d) Utetezi wa kutokuwepo ni madai ya mshukiwa kwamba wakati kosa linatendeka yeye alikuwa mahali pengine. Utetezi huu una nguzo mbili: mahali na wakati. Mpelelezi akiivunja nguzo ya wakati, ile ya mahali haiwezi kusimama peke yake.

4. Msimulizi asiyeaminika ni nani? (alama 2)

Msimulizi asiyeaminika ni msimulizi ambaye maelezo yake hayawezi kupokelewa kama yalivyo, kwa sababu anaficha, anapotosha, au hajui anachokisimulia. Istilahi hii ililetwa na mhakiki wa Marekani Wayne Booth mwaka 1961. Yaani Christie aliitumia mbinu miaka 35 kabla haijapata jina.

SEHEMU B: MATINI

5. Eleza mandhari ya riwaya hii na dhima yake. (alama 4)

Mandhari ni kijiji cha King's Abbot nchini Uingereza, na ndani ya kijiji hicho, nyumba kubwa ya Fernly Park. Dhima ya kwanza ni kufunga mduara wa washukiwa: walio karibu na marehemu ni wachache na wote wanajulikana. Dhima ya pili ni kulijenga fumbo juu ya siri, kwa kuwa katika kijiji ambako habari ya asubuhi inafika kila nyumba kabla ya mchana, jambo lililofichika kweli ni lazima liwe limefichwa na mtu hodari wa kuficha.

6. Eleza kwa ufupi tukio linalozaa upelelezi. (alama 5)

Bibi Ferrars, mjane tajiri, anafariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 17 Septemba, kwa kuzidisha dawa ya usingizi iitwayo veronali. Kabla ya kufa alikiri kwa mchumba wake, Roger Ackroyd, kwamba alimtilia mumewe sumu, na kwamba kuna mtu aliyeijua siri hiyo na akawa anamkamua fedha kwa vitisho. Jioni ya Ijumaa hiyo Ackroyd anapokea barua ya marehemu katika bahasha ya buluu. Barua inamtaja mkamuaji. Usiku huohuo Ackroyd anakutwa chumbani mwake mwa kazi amechomwa jambia la Tunisia, na barua haipo. Alama zimegawanyika hivi: kifo cha Bibi Ferrars, kukiri kwake, barua, mauaji, kutoweka kwa barua. Anayeanza na mauaji ya Ackroyd amekwisha kupoteza 3.

7. "Katika riwaya hii kila mhusika anaficha jambo." Thibitisha kauli hii kwa hoja sita. (alama 12)

Kila hoja ina alama 2: jambo linalofichwa, na athari yake katika upelelezi. Ralph Paton, mtoto wa kambo wa Ackroyd, anaficha ndoa yake na Ursula Bourne, mtumishi wa nyumba hiyohiyo. Kutoweka kwake baada ya mauaji kunamfanya mshukiwa wa kwanza. Ursula anaficha upande wake wa ndoa hiyo. Pete yake, yenye herufi R na tarehe ya Machi 13, inaokotwa na mpelelezi, Hercule Poirot, kwenye kidimbwi. Flora, mpwa wa marehemu, anaficha wizi wa pauni 40. Mama yake, Bibi Ackroyd, anaficha kwamba alipekua meza ya shemeji yake akitafuta wosia. Bi Russell, msimamizi wa nyumba, anaficha kwamba Charles Kent, yule mgeni wa usiku mwenye unyoya wa bata bukini, ni mwanawe wa kumzaa. Parker, mkuu wa watumishi, anaficha kwamba aliwahi kumkamua fedha mwajiri wake wa zamani, na ndiyo sababu anaonekana mara kwa mara karibu na mlango wa Ackroyd.

Usiishie kuorodhesha. Mtahini anataka kuona umeelewa kwamba siri hizi ni vidokezo vya kupotosha, na kwamba Poirot hawezi kumwona muuaji mpaka aziondoe moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele. Siri ya saba haimo katika orodha kwa sababu anayetusimulia hadithi ndiye mwenye siri hiyo.

8. Panga kwa mfululizo matukio ya usiku wa mauaji, kisha onyesha jinsi muda unavyomfichua muuaji. (alama 10)

Saa 3 kasoro dakika 20 barua inaletwa. Saa 3 kasoro dakika 10 Daktari James Sheppard, msimulizi wa riwaya, anamwacha Ackroyd na kutoka. Saa 3 kamili Sheppard yuko kwenye lango la nje la shamba, kengele ya kanisa inalia, na hapo anakutana na mgeni asiyemjua. Saa 3 na nusu Raymond, katibu wa Ackroyd, anasikia sauti ya Ackroyd ndani ya chumba. Saa 4 kasoro robo Flora anaonekana mlangoni na kusema amemuaga ami yake. Saa 4 na robo simu inalia nyumbani kwa Sheppard. Sheppard anarudi Fernly, mlango unavunjwa, maiti inaonekana. (Mfululizo: alama 4.)

Sasa sehemu yenye alama 6. Chukua saa mojamoja uibane.

Saa 4 kasoro robo inaanguka kwanza. Flora hakuingia katika chumba cha kazi cha Ackroyd. Alikuwa akishuka ngazi kutoka chumba cha kulala cha ami yake, alikoiba pauni 40. Aliposikia Parker anakuja, alishika kitasa cha mlango ili aonekane anatoka humo.

Saa 3 na nusu inaanguka ya pili. Sauti ilisikika, lakini maneno yalikuwa na mpangilio wa barua rasmi, si wa mtu anayezungumza na mwenzake. Ackroyd alikuwa amenunua diktafoni, mashine ya kurekodia sauti. Sauti ilikuwa ya Ackroyd. Ackroyd mwenyewe alikuwa maiti.

Zikianguka hizo mbili, aliyemwona Ackroyd hai kwa mara ya mwisho ni Sheppard, saa 3 kasoro dakika 10. Inabaki kubana pengo moja. Kutoka mlango wa nyumba hadi lango la nje ni mwendo wa dakika 5. Sheppard aliutembea kwa dakika 10. Saa ya kuondoka ameiandika mwenyewe, na kengele ya kanisa ameiandika mwenyewe, katika sura ileile. Dakika 5 zinazokosekana ziko wazi mbele ya msomaji, na wasomaji karibu wote wanazipita. Katika dakika hizo alivaa viatu vya Ralph, akaingia kwa dirishani ili aache nyayo za Ralph, akaufunga mlango kwa ndani, akatoka, akavua viatu, akakimbilia langoni.

Andika hesabu hiyo ya dakika 10 kutoa 5 katika jibu lako, kwa tarakimu. Ina alama 2 peke yake.

9. Eleza umuhimu wa kiti katika upelelezi wa Poirot. (alama 6)

Swali hili hutolewa kupima kama mtahiniwa amekisoma kitabu au amesimuliwa. Parker anakumbuka kwamba maiti ilipoonekana, kiti kikubwa chenye mgongo mrefu kilikuwa kimevutwa kutoka ukutani hadi mahali kisipokaa siku zote. Baadaye kidogo kimerudishwa ukutani. Raymond hakukirudisha. Parker hakukirudisha. Polisi walikuwa hawajafika.

Hatua ya kwanza ya Poirot ni kuuliza kiti kilificha nini. Kilisimama kati ya mlango na dirisha, kwa hiyo wazo la haraka ni dirisha. Lakini mgongo wa kiti, pamoja na urefu wake, hauwezi kuliziba dirisha zima. Mbele ya dirisha kuna meza ndogo. Meza hiyo kiti kinaiziba kabisa asiione anayesimama mlangoni. Hatua ya pili: juu ya meza palikuwa na kitu ambacho muuaji hakuweza kuondoka nacho mapema, kwa kuwa kilikuwa na kazi ya kufanya saa 3 na nusu. Hatua ya tatu: muuaji alihitaji kuwapo maiti inapogunduliwa, abaki peke yake chumbani kwa dakika chache, na awe na chombo cha kubebea ambacho hakuna atakayekishangaa. Sheppard ndiye aliyemtuma Parker akapige simu polisi. Sheppard ndiye aliyefika na mkoba wa daktari.

Kila hatua alama 2. Zingatia kwamba Poirot hapati kitu kipya: kiti kilikuwapo, mkoba ulikuwapo, na vyote viwili vimetajwa na muuaji mwenyewe.

10. "Daktari Sheppard hasemi uongo, anaficha." Jadili. (alama 10)

Hili ndilo swali la msingi la mada nzima. Jibu linaanza kwa kutofautisha vitendo viwili. Kusema uongo ni kutamka jambo lisilo kweli. Kuficha ni kuliacha jambo la kweli bila kulitamka, huku maneno yaliyotamkwa yakibaki kweli. (Alama 2.)

Kisha tofautisha ngazi mbili za usemi. Ngazi ya kwanza ni mazungumzo, ambapo Sheppard anasema na wahusika wenzake. Hapa anasema uongo waziwazi: anapoweka mkono wa simu anamwambia dada yake kwamba Parker amepiga kutoka Fernly kusema Ackroyd ameuawa. Parker hakupiga. Aliyepiga ni mtumishi wa meli, mgonjwa wa Sheppard, ambaye daktari alimwomba ampigie kutoka stesheni kabla ya kupanda treni kuelekea Liverpool. Ngazi ya pili ni masimulizi, ambapo Sheppard anasema na msomaji. Hapa hasemi uongo. Anaandika kwamba simu ililia, anaandika maneno aliyoyatamka yeye, lakini haandiki maneno aliyoyasikia. (Alama 4: mbili kwa kila ngazi.)

Mfano mkuu ni dakika kumi za mwisho za Ackroyd. Sheppard anataja barua inavyoletwa, anataja saa, anasema alitoka huku barua haijasomwa, anasema alitazama nyuma akijiuliza kama kuna jambo hakulimaliza. Kila sentensi ni ya kweli. Kati ya sentensi ya barua na sentensi ya kutoka, mtu ameuawa. Mfano wa pili ni baada ya maiti kuonekana, anaposema kwa maneno ya jumla tu kwamba alifanya kidogo kilichohitajika. Kidogo hicho kilikuwa kuiingiza diktafoni mkobani na kukirudisha kiti ukutani. (Alama 4.)

Mtahiniwa hodari ataongeza kwamba Sheppard mwenyewe, katika sura ya mwisho, anairejea mistari hiyo na kujisifu kwa jinsi alivyoiandika. Muuaji anajivunia sarufi yake kuliko anavyomlilia rafiki aliyemuua, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura ya kutisha kuliko zote katika kitabu.

11. "Christie aliwadanganya wasomaji wake." Jadili kwa kutoa hoja za pande zote mbili. (alama 20)

Utangulizi (alama 2). Eleza kanuni ya mchezo wa haki: katika riwaya ya upelelezi msomaji apewe vidokezo vyote anavyopewa mpelelezi.

Upande wa wanaomlaumu (alama 6). Tangu Conan Doyle alipomleta Sherlock Holmes mwaka 1887, msomaji amezoeshwa kumwamini msaidizi wa mpelelezi. Watson, msaidizi wa Holmes, ni daktari, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na moyo wake ni safi. Sheppard naye ni daktari, naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na Poirot anamchukua badala ya rafiki yake Hastings aliyehamia Argentina. Msomaji anampa Sheppard imani iliyokuwa ya Watson bila kuulizwa. Miaka michache baadaye desturi hii iliandikwa kama sheria. Padri Ronald Knox, katika sheria zake kumi za mwaka 1929, alikataza muuaji kuwa mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake, na akataka msaidizi wa mpelelezi asifiche fikra zake. S. S. Van Dine, katika sheria 20 za mwaka 1928, alikataza hila dhidi ya msomaji isipokuwa zile ambazo mkosaji anamfanyia mpelelezi.

Upande wa wanaomtetea (alama 8). Kwanza, sheria hizo ziliandikwa baada ya 1926; mwandishi hawezi kuvunja sheria isiyokuwapo. Usiiache hoja hii ya tarehe, kwa kuwa mtahiniwa asiyetaja miaka hawezi kuijenga. Pili, vidokezo vyote vimo: dakika 10, kiti, mkoba, simu, ufundi wa Sheppard wa kuchezea mashine. Tatu, hila inafanywa na Sheppard, na Poirot anayasoma maandishi yaleyale anayoyasoma msomaji, wala hadanganyiki. Anamwambia mwandishi wake kwamba amejificha mno katika hadithi yake mwenyewe. Nne, Dorothy L. Sayers, mtunzi mwenzake wa hadithi za upelelezi, alimtetea kwa hoja kwamba kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu.

Msimamo (alama 4). Mtahini hadai upande, anadai uamuzi wenye sababu. Msimamo wangu uko wazi: hakudanganya. Alitumia imani ambayo msomaji aliitoa mwenyewe. Dai la udanganyifu lingesimama kama ingepatikana sentensi moja ya masimulizi iliyo ya uongo kuhusu kifo cha Ackroyd. Nimeitafuta katika zile kurasa mbili za barua na kiti, mstari kwa mstari, na sijaiona.

Jibu linalosema "wengine wanakubali na wengine wanakataa" bila msimamo halipati hizo 4.

12. Bainisha sababu, njia na nafasi ya muuaji. (alama 6)

Sababu: Sheppard ndiye aliyemkamua Bibi Ferrars, na barua ingemtaja. Njia: jambia alilolichukua katika kabati la vioo la sebuleni. Nafasi: alikuwa peke yake na Ackroyd kabla ya saa 3 kasoro dakika 10.

13. Eleza dhima ya Caroline Sheppard. (alama 5)

Caroline ni dada wa daktari, mwanamke asiyeolewa anayejua habari za kijiji chote bila kutoka nyumbani. Dhima yake kimaudhui ni kuonyesha kwamba umbeya, pamoja na aibu yake, ni njia ya kukusanya ushahidi. Tangu sura ya kwanza anasema Bibi Ferrars alimuua mumewe, na ni kweli. Dhima yake kifani ni kinaya: anajua siri za watu wote isipokuwa ya mtu anayekula naye meza moja. Alama ya tano ni ya historia ya fasihi. Christie alisema kwamba huenda Bi Marple, mpelelezi aliyemleta katika riwaya mwaka 1930, alizaliwa kutokana na Caroline.

14. Linganisha na utofautishe Hercule Poirot na Bwana Msa. (alama 10)

Ufanano. Wote wawili ni wapelelezi wa akili, si wa mabavu. Wote si askari: Poirot wa riwaya hii amestaafu na analima mamung'unye jirani na Sheppard, Bwana Msa ni raia mwenye kiko mdomoni. Wote wana polisi pembeni: kwa Poirot yuko Inspekta Raglan, kwa Bwana Msa yuko Inspekta Seif. Wote wana mwandani: Poirot ana Sheppard, Bwana Msa ana Najum. (Alama 4.)

Tofauti. Poirot ni mgeni, Mbelgiji kati ya Waingereza, na ugeni wake unamfaa kwa kuwa watu wanamdharau. Bwana Msa ni mwenyeji wa Unguja, na uenyeji wake unamfaa kwa kuwa anaijua lugha ya watu, desturi zao na hofu zao. Fumbo la Poirot limefichwa nyuma ya adabu za tabaka la wenye mali. Fumbo la Bwana Msa limefichwa nyuma ya imani: jina la riwaya lenyewe ni mzimu, mahali panapoogopwa, na kazi ya mpelelezi ni kutenga mkono wa binadamu na jambo ambalo wengine wangeliachia mizimu. Tofauti kubwa kuliko zote ni mwandani. Najum ni rafiki wa kweli. Sheppard ndiye windo. (Alama 6.)

Tahadhari. Usiandike kwamba Abdulla "alimwiga" Mzungu ukaishia hapo. Athari ya Sherlock Holmes ipo na inakubalika, lakini Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957–58 la Afrika Mashariki kwa Kiswahili chake na kwa Unguja yake. Mtahiniwa anayeandika "aliiga" bila kutaja alichobadilisha anapoteza alama 2, na anastahili kuzipoteza.

15. Kwa nini Poirot hamkabidhi Sheppard kwa polisi usiku uleule? (alama 4)

Kwa sababu ya Caroline. Poirot anamwambia Sheppard kwamba asubuhi Inspekta Raglan ataambiwa ukweli, na kwamba kabla ya asubuhi ipo njia nyingine, kwa ajili ya dada yake asiye na hatia. Pia anamtaka aukamilishe mswada wake, safari hii bila kuficha. (Alama 2.) Sheppard anaandika sura ya mwisho usiku huo, anachagua veronali, dawa ileile iliyomuua Bibi Ferrars, na anaitaja kama aina ya haki. (Alama 2.) Mtahiniwa asiyeyaunganisha mauti hayo mawili kwa jina la dawa anapata nusu.